Gesi ndiyo inayobeba kazi: mwongozo kamili wa kuchaji tanki la presha na akumuleta

Mama mmoja wa mtaa wa Zimmerman, Nairobi, alinipigia simu asubuhi na mapema. "Fundi, pampu yangu imeshikwa na kwikwi." Sijapata kumsikia mteja akieleza tatizo hili vizuri kuliko hapo. Ukifungua bomba kujaza kikombe tu, pampu inanguruma, inazima, inanguruma tena, inazima tena. Nilifika na spana, geji ya kupimia tairi na haraka zangu za miaka ile. Nikafungua kile kifuniko cha plastiki mgongoni mwa tanki la presha, nikabonyeza geji kwenye vali, ikasoma bar 2.6. "Upepo uko sawa, mama. Ni presha swichi, ile inayowasha na kuzima pampu, imechoka." Nikabadilisha swichi, nikalipwa, nikashika matatu. Wiki ya tatu mota ikaungua.

Nilikuwa nimepima upepo tanki likiwa na maji na mfumo ukiwa na presha. Geji haikunionyesha upepo uliokuwemo. Ilinionyesha jinsi maji yalivyokuwa yakiukandamiza. Hata kama mle ndani kungebaki upepo wa kujaza puto moja la sherehe ya mtoto, ungebanwa mpaka usome 2.6 ile ile. Tangu siku hiyo, iwe ni tanki la lita 24 chini ya ngazi za ploti au akumuleta, ile chupa ya chuma inayohifadhi oili yenye presha, ya mashine ya kukunja mabati kule Industrial Area, naanza na swali moja: upande wa maji, au wa oili, uko mtupu? Kama si mtupu, namba utakayosoma upande wa gesi haikwambii gesi iliyomo ni kiasi gani.

Mwongozo huu ni wa vyombo hivyo viwili. Cha kwanza unaweza kukichaji mwenyewe kwa pampu ya mguu. Cha pili kinaweza kukuua, kwa hiyo nakieleza ili ujue fundi wako anafanya nini na umsimamishe wapi.

Nguvu inakaa wapi

Watu husema "maji yana presha" kana kwamba maji ndiyo yaliyobeba nguvu. Yakandamize maji kwa bar 100, ujazo wake utapungua kwa karibu nusu ya asilimia moja tu. Oili hupungua zaidi kidogo. Ndiyo maana chombo kilichojaa maji matupu, bila upepo hata chembe, ukikidondosha matone machache presha yote imekwisha. Ili presha ikae lazima pawe na kitu kinachosukuma kutoka nyuma: uzito, springi au gesi.

Uzito unaujua. Ni lile tanki jeusi la juu ya paa, kuanzia Umoja hadi Kawangware. Kila mita 10 za kimo zinakupa karibu bar 1. Lakini nguvu iliyomo ni ndogo kuliko unavyodhani: lita 1,000 zilizoko mita 10 juu zimebeba jouli 98,000 hivi, ambazo birika la stima la wati 2,000 lingezimaliza kwa sekunde 49. Waingereza wa karne ya 19 walijenga minara mizima kwa ajili ya kazi hii. Ule wa bandari ya Grimsby, uliokamilika mwaka 1852, una urefu wa mita 94, na uliwekwa ili kuyapa maji presha ya kuendesha mitambo ya gatini. Mhandisi William Armstrong ndiye aliyepata njia ya kuukwepa mnara. Mahali ambapo ardhi ilikuwa ya mchanga, isiyoweza kuubeba, alisimamisha silinda kubwa, akatia pistoni, na juu ya pistoni akapakia uzito. Pampu ndogo inauinua uzito polepole. Kreni ikihitaji nguvu, uzito unashuka na kuyasukuma maji kwa mpigo mmoja. Tower Bridge ya London, iliyofunguliwa mwaka 1894, iliinuliwa kwa mtindo huo hadi miaka ya 1970.

Siku hizi mahali pa uzito tumeweka gesi. Gesi hukubali kubanwa, na ikipewa nafasi inakurudishia ulichoibania. Kati yake na kimiminika huwekwa kizuizi: kibofu cha mpira, ambacho mafundi wengi tunakiita bladda, au diaframu, au pistoni yenye sili. Kwenye matanki mengi ya nyumbani maji yamo ndani ya kibofu na upepo uko nje, kati ya mpira na bati. Kwenye akumuleta ya oili ni kinyume: gesi ndiyo iliyo ndani ya kibofu, oili imekizunguka. Ukisahau hilo, siku ya kubadilisha mpira utasimama katikati ya kazi ukijikuna kichwa.

Hesabu ya chini ya ngazi

Kanuni ni moja, ya Boyle: presha mara ujazo haibadiliki, ikiwa joto halibadiliki. Mtego uko kwenye neno presha. Geji inaanza kuhesabu kutoka kwenye hewa iliyotuzunguka, lakini gesi haijui geji. Ni lazima uongeze presha ya hewa yenyewe. Mombasa hiyo ni karibu bar 1.01. Nairobi, tulio mita 1,700 hivi juu ya bahari, ni karibu 0.83. Hili si jambo la kujionyesha: tanki lililochajiwa bar 1.5 kiwandani karibu na usawa wa bahari, likifika hapa bila kuguswa litasoma karibu 1.7. Nimewahi kuona fundi akitoa "upepo uliozidi" kwenye tanki jipya akidhani muuzaji kalichezea, kumbe ni mlima tu. (Kuutoa kulikuwa sawa. Kumgombeza muuzaji ndiko hakukuwa sawa.)

Chukua tanki la lita 24, swichi inayowasha pampu kwenye bar 1.4 na kuizima kwenye 2.8. Umechaji upepo bar 1.2. Ukiongeza 0.83 kila mahali, upepo unaanza na 2.03, pampu inawaka kwenye 2.23 na kuzima kwenye 3.63. Pampu inapowaka upepo umechukua lita 21.9 za tanki; inapozima, lita 13.4. Tofauti ni lita 8.4, na hayo ndiyo maji utakayotumia kabla pampu haijaamka tena.

Sasa acha upepo uvuje. Ukishuka hadi bar 0.4, unabaki na lita 5.1. Ukifika sifuri ya geji, lita 3.4. Mpira ukipasuka na maji yakalijaza tanki lote, unabaki na kwikwi. Ukikosea upande wa pili je, ukachaji 2.2? Unapata lita 4 tu, halafu presha ikifika 2.2 kibofu kimekwisha maji, mkondo unakatika ghafla bombani, na ndipo pampu inashtuka kuwaka. Aliyeko bafuni na sabuni machoni atakueleza inavyohisi.

Kuchaji tanki la nyumbani

Kwanza ijue swichi yako. Usiamini maandishi ya kwenye boksi, kwa sababu aliyekutangulia huenda amezungusha zile nati mbili zilizo ndani. Fungua bomba kidogo, simama mbele ya geji, andika namba pampu inapowaka na namba inapozima. Chaji utakayoweka ni namba ya kuwaka, toa bar 0.2. Kuwaka 1.4, chaji 1.2. Kuwaka 2, chaji 1.8.

Zima stima kwenye breka, usitegemee kuchomoa plagi peke yake kama kuna mtoto au keateka mwenye huruma karibu. Funga vali ya maji yanayoingia kwenye pampu. Hii husahauliwa sana mahali ambapo pampu inavuta kutoka tanki la juu: usipofunga, kile kimo kinaendelea kusukuma maji ndani ya kibofu wakati wewe unadhani umekimwaga.

Halafu mwaga maji, na hapa nenda taratibu. Fungua bomba lililo karibu na tanki na lililo chini kabisa, si lile la jikoni ghorofa ya tatu. Ukifungua la juu, maji yatakoma kutoka huko na utadhani kumekauka, kumbe bomba lote linaloshuka bado limejaa. Ghorofa tatu ni kama mita 9, yaani bar 0.9 inayokaa juu ya kibofu chako bila kuonekana. Kama hakuna bomba la chini, legeza yunioni, yaani kiungo cha bomba kinachofunguka, iliyo mdomoni mwa tanki na uweke beseni. Acha wazi mpaka kazi yote iishe. Tikisa tanki. La lita 24 likiwa tupu mtu mmoja anaweza kuliinua kwa mkono. Likiwa bado zito baada ya bomba kukauka, maji yamevuka mpira.

Kuna njia ya kuhakikisha. Fungua kile kifuniko cha plastiki, utaona vali ya aina ile ile ya tairi la gari. Bonyeza pini kwa ncha ya bisibisi kwa nusu sekunde. Upepo ukitoka mkavu, endelea. Likitoka tone, au ule upepo wenye ukungu unaolowesha kidole, mpira umepasuka. Matanki yenye flenji, yaani sahani ya boliti sita, mdomoni yanafunguka na mpira unauzwa peke yake. Ukienda Kirinyaga Road au River Road beba ule wa zamani mkononi, maana "wa lita 24" si kipimo, midomo inatofautiana. Tanki lisilo na flenji halina tiba.

Baada ya hapo ndipo upime, kwa geji moja utakayoitumia mwanzo hadi mwisho. Geji mbili za bei ya chini zitakupa majibu mawili na utapoteza saa nzima ukisuluhisha. Jaza kwa pampu ya mguu. Ujazo wa tanki hili unakaribia wa tairi la gari dogo, kwa hiyo utatoka jasho lakini utafika. Ukitumia kompresa, bonyeza kwa vipande vifupi na upime kila mara. Kibofu kikiwa kitupu na upepo ukiingia kwa fujo, mpira unaweza kujikunja na kubanwa mdomoni. Yule atakayekuuzia naitrojeni kwa ajili ya tanki la maji la nyumbani mwambie asante. Upepo wa kawaida unatosha kabisa.

Paka povu la sabuni kwenye vali, tazama kama linapulika, rudisha kifuniko. Funga bomba, fungua vali ya kuingiza maji, washa stima.

Mafundi wengi huishia hapo. Mimi nina jaribio moja zaidi, nalo linahitaji ndoo yenye alama za lita tu. Acha pampu ijaze mpaka izime. Fungua bomba ndani ya ndoo, funga mara tu pampu inapowaka. Soma ndoo. Kwa mfano wetu unatarajia lita 8 na kidogo. Ukipata 5, kuna kitu kimekupita, hata geji isomeje. Andika namba hiyo kwa maka peni kwenye bati la tanki pamoja na tarehe.

Akumuleta: simama kwanza

Kwenye mashine za oili mambo ni yale yale, ila namba zimekua. Chukua akumuleta ya lita 10 inayofanya kazi kati ya bar 150 na 250, yenye chaji ya awali ya 135. Ikijaa na kuachia polepole, inarudisha jouli karibu 69,000. Hiyo ni nguvu ya kuinua gari la tani moja mita saba. Imekaa kimya ndani ya chupa ya chuma isiyofika kiunoni, na kuzima mota hakuiondoi. Mashine iliyozimwa tangu Ijumaa inaweza kufunga mdomo wake Jumatatu asubuhi mtu akigusa vali.

Kwa nini mtu aweke kitu kama hicho? Kwa sababu pampu ndogo ni nafuu. Mashine inayohitaji lita 2.8 kwa sekunde moja, kisha ikae ikisubiri sekunde kumi, ingehitaji pampu ya lita 168 kwa dakika. Ukiwa na akumuleta, pampu ya lita 20 kwa dakika inaijaza kwa sekunde nane na nusu huku vijana wanapanga bati lingine. Hiyo 2.8 sikuiokota. Kwa kanuni ya Boyle ile chupa ya lita 10 ingetoa lita 3.6, lakini gesi ikifunguka haraka inapoa, na ikipoa inasukuma kwa nguvu ndogo zaidi. Kwa kazi ya haraka hesabu 2.8. Aliyenunua chupa kwa hesabu ya 3.6 hulalamika kuwa mashine "inachoka mwisho wa pigo", na yuko sahihi.

Mambo matatu hayajadiliwi. La kwanza, ni naitrojeni kavu peke yake. Oksijeni ikikutana na oili kwenye presha kubwa inalipuka bila kiberiti, na hewa ya kompresa yenye mvuke wa oili inaweza kuwaka kama ndani ya injini ya dizeli. La pili, soma lebo ya mtungi, usisome rangi. Kwa mtindo mmoja wa rangi bega jeusi ni naitrojeni. Kwa mtindo wa zamani wa Kiingereza mtungi mweusi wenye bega jeupe ni oksijeni. Na mitungi ya mitindo yote miwili utaikuta ikiegemea ukuta mmoja. La tatu, fanyia kazi mahali pa wazi. Mtungi wa lita 50 wenye bar 200 ukimwagika wote unatoa mita za ujazo 10 za gesi isiyo na harufu. Kontena la futi 20, ambalo ndilo karakana ya wengi wetu, lina kama mita 33. Mtu hakohoi wala hashtuki, analala tu.

Kuhusu karatasi: Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 ina masharti ya ukaguzi wa vyombo vya presha kazini. Kama unaendesha karakana, uliza mkaguzi aliyeidhinishwa chupa zako zinaangukia wapi. Na usichomee wala kutoboa chupa ya akumuleta, hata bano dogo la kuishikilia ukutani. Tumia kamba ya chuma ya kuzungushia.

Kupima bila kifaa

Hiki ndicho kipande ninachopenda kuwafundisha vijana, kwa sababu hakihitaji chochote zaidi ya geji iliyoko tayari upande wa oili. Jaza akumuleta, zima pampu, kisha fungua kidogo vali ya kurudisha oili kwenye tanki. Tazama mshale. Utashuka polepole: 240, 220, 190, 160. Halafu mahali fulani, mathalani 135, utaanguka hadi sifuri kama jiwe. Pale ulipoangukia ndipo chaji ya gesi ilipo, kwa sababu ndipo kibofu kilipomaliza oili na kukalia mlango wake. Kijana mmoja niliyemfundisha aliniambia, "Mzee, ni kama lifti imekatika kamba." Ukiona mshale umeshuka taratibu hadi 60 ndipo ukaanguka, gesi imepotea zaidi ya nusu. Ukianguka toka juu mara tu unapofungua vali, hakuna gesi kabisa, au chaji ni kubwa kuliko presha ya kazi na oili haijawahi kuingia.

Mkono nao unasema. Mashine ikiwa imefanya kazi nusu saa, gusa chupa kwa tahadhari kutoka chini kwenda juu. Sehemu iliyojaa oili ni ya moto, ya gesi ni baridi zaidi. Ikiwa ya moto sawasawa hadi kichwani, oili imefika kichwani.

Kuchaji akumuleta hatua kwa hatua

Uamue namba kabla ya kushika spana. Kama kazi ni kuhifadhi nguvu, chaji ni asilimia 90 ya presha ya chini ya kazi. Presha ya chini 150, chaji 135. Kama kazi ni kutuliza mitetemo ya pampu, huwa chini zaidi, asilimia 60 hadi 75. Kwa chupa ya kibofu, presha ya juu isizidi mara nne ya chaji, la sivyo mpira unasagwa. Bamba la mtengenezaji likisema vinginevyo, lifuate. Zile za nyundo za ekskaveta, zinazopasua mawe kwenye machimbo, zina namba zake kabisa, usizikisie kwa kanuni hii.

Joto nalo lina usemi. Gesi uliyochaji bar 100 kwenye nyuzi 20 itasoma karibu 114 mashine ikifika nyuzi 60. Ukitaka iwe 100 ikiwa na moto, chaji 88 ikiwa baridi. Asubuhi ya Julai, karakana ikiwa na nyuzi 12, ile ile 100 ya nyuzi 20 itasoma 97, na kuna watu wameongeza gesi kila Julai kisha wakashangaa Februari.

Sasa kazi. Zima mashine, funga breka kwa kufuli na ufunguo uweke mfukoni mwako. Mwaga oili yote kurudi tankini, vali ibaki wazi, geji isome sifuri. Gonga geji kwa kidole. Mshale uliokwama kwenye sifuri umeshawadanganya wengi. Ukishuku uvujaji mwembamba wa oili usiutafute kwa mkono, pitisha kipande cha katoni. Oili ya presha inapenya ngozi na kuacha kitundu kidogo kama cha sindano kisichouma sana, na aliyepata hicho anapelekwa hospitali saa hiyo hiyo, si kesho.

Ondoa kofia ya kinga juu ya chupa, kisha kifuniko kidogo cha vali. Kifaa cha kuchajia kina geji, kivali cha kutolea na mpini wa kusukuma pini. Uzungushe mpini kurudi nyuma mpaka mwisho, funga kivali, kisha ufunge kifaa kwa mkono. Ukikifunga mpini ukiwa mbele utasukuma pini kabla uzi haujashika na gesi itakupiga usoni. Kikishashika, zungusha mpini mbele polepole hadi mshale uruke. Hiyo ndiyo chaji iliyomo, na safari hii geji inasema kweli kwa sababu upande wa oili ni mtupu.

Ikiwa imezidi, toa kwa kivali. Ikiwa imepungua, unganisha hozi kutoka mtungini kupitia regyuleta ya naitrojeni, yaani kifaa cha kupunguza presha ya mtungi. Bila regyuleta usiguse mtungi. Fungua kidogo, kiasi cha kusikia mnong'ono tu. Kama kibofu ni kipya, kabla ya kukifunga ulipaswa kumimina ndani ya chupa oili safi, kama sehemu ya kumi ya ujazo wake, ili mpira uteleze, na sasa unazipandisha bar tatu nne za mwanzo kwa dakika kadhaa. Nimefungua chupa iliyochajiwa kwa haraka na karakana nyingine: sehemu ya chini ya kibofu ilikuwa imepasuka kama nyota, na kipande kimebanwa chini ya mlango wa oili. Gesi inayoingia kwa kasi inakuja baridi, mpira unakakamaa, unasukumwa hadi mwisho na kukatika. Kibofu kilikuwa kimefanya kazi dakika chache tu. Mwenye mashine alikuwa amekilipia bei ya mwezi mzima wa kodi.

Ukishavuka hapo unaweza kuongeza mwendo. Pita namba yako kwa bar mbili tatu, funga mtungi, ngoja robo saa joto litulie, kunywa chai, kisha soma tena na utoe kilichozidi. Mtungi ukilingana na chupa kabla hujafika namba, mtungi umekwisha uwezo. Mtungi wenye bar 120 hauwezi kukupa 135 hata uuinamishe.

Rudisha mpini nyuma, fungua kivali kumwaga gesi ya kwenye hozi, ondoa kifaa, paka povu la sabuni kwenye vali. Povu likitulia, funga kifuniko na kofia. Funga vali ya oili, washa pampu kwa presha ndogo kwanza, angalia geji: itaruka kutoka sifuri hadi karibu na chaji yako mara moja, kisha ipande polepole. Rudia kipimo baada ya wiki moja, kisha baada ya mwezi. Chaji ikikaa, kila miezi sita inatosha. Ikishuka kila wiki na povu la sabuni halionyeshi kitu, chungulia tanki la oili: povu juu ya oili maana yake gesi inapitia kwenye mpira.

Yule mama wa Zimmerman nilimlipia nusu ya mota, na tanki nikalichaji upya likiwa tupu, bar 1.2. Nikamwachia ndoo yenye alama. Jumamosi moja alinitumia ujumbe: "Fundi, leo ni lita saba na nusu." Nikapiga hesabu kwenye kiti cha matatu: chaji imeshuka hadi karibu 1.0. Nikamjibu azime breka, afungue bomba la chini, aazime pampu ya mguu kwa kijana wa bodaboda wa getini. Jioni akaandika tena: "Nane na kidogo."